Sarafu Aliyokataa Kuiosha

Mzee Lenzi alikuwa mtu wa kuudhi, tusidanganyane. Ungeweza kusafiri siku mbili na sarafu yako umeifunga kwenye kitambaa, urithi wa bibi yako, ukamwekea mezani kwa adabu zote. Yeye angeigeuza mara mbili, angeipima, angeinusa, kisha angesema, "Bandia," na kuendelea na chai yake. Pole hana. Watu walitoka pale wamenuna, na mmoja alimwambia usoni kwamba Mungu alimnyima ulimi akampa wembe. Lakini walirudi wote, maana siku akisema "halisi" hapakuwa na wa kubisha.

Sarafu zake zilikuwa za Kichina, zile za kale za shaba zenye tundu la mraba katikati. Wakulima walizifukua mara mojamoja kwa majembe yao, na makumbusho ya mji yakazipokea. Pale makumbusho Mzee Lenzi alianza na ufagio. Akifagia chumba cha vitabu alianza kufungua vile vya picha ambavyo hakuna mwingine aliyevitaka, na miaka ikapita hivyo, mpaka wakubwa wakajikuta wanamuuliza mfagiaji. Wakampa stoo na lenzi, na jina likatoka hapo. Kichina hakukijua hata cha kuombea maji ya kunywa, lakini zile herufi nne zinazozunguka tundu, juu, chini, kulia, kushoto, angekwambia ni za mfalme gani na alitawala lini. Mkewe alikuwa akimtania: "Wafalme waliokufa unawajua wote, mashemeji zako walio hai unawasahau majina."

Kazi yenyewe haikuwa uchawi. Sarafu ya kweli ilimiminwa kwenye kalibu ya mchanga, kisha ikapangwa na wenzake kwenye kijiti cha mraba, zikapigwa tupa zote kwa pamoja, kwa hiyo ukingoni lazima uikute mikwaruzo ya tupa. Kutu yake ya kijani imeota kwenye shaba yenyewe kwa mamia ya miaka, haibanduki. Ya bandia imepakwa kutu kwa gundi, na ukiiloweka kwenye maji ya moto, au ukaigusa kwa pamba yenye spiriti, rangi inakubakia mkononi.

Ila Mzee Lenzi alikuwa na sheria yake: sarafu iliyotoka ardhini haioshwi. Wangapi aliwaona wakileta sarafu ya miaka elfu waliyoisugua kwa ndimu na majivu, inang'aa kama kijiko cha harusi, imekwisha! Siku hizo chakula kilikuwa hakimshuki. Kwake yeye kuigusa sarafu ya mchimbo kwa spiriti ilikuwa sawa na kumvua mzee nguo sokoni, hata kama ni kwa kumpima. Mkewe aliijua sheria hiyo, mwanawe aliijua, na hata paka wa nyumba ile nadhani alikuwa anaijua.

Mwana walikuwa naye mmoja tu. Wa kiume, mrefu, mcheshi, anayecheka kabla hujamaliza kusema.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, makumbusho yalikuwa yakichimba mahali palipokuwa na mji wa kale, nje kidogo ya mji huu wa sasa. Mzee Lenzi ndiye aliyewasumbua mpaka wakachimba. Miaka kumi alikuwa akiwaambia wakubwa kwamba bidhaa za Wachina wa enzi za wafalme wa Song zilifika pale, na miaka kumi walikuwa wakimcheka. "Mzee Lenzi na Wachina wake," walisema kwenye vikao, naye yupo, anasikia. Mwishowe wakampa msimu mmoja wa kuchimba, nadhani ili anyamaze. Msimu ukaisha kwa vigae na mifupa ya mbuzi. Ikatangazwa kwamba Ijumaa shimo linafungwa.

Jumatano, mwanawe, ambaye alikuwa mmoja wa wachimbaji na umri wake miaka ishirini na mitatu, akatoka shimoni na sarafu kiganjani, na udongo wake.

Mzee Lenzi aliikalia siku mbili. Herufi zilikuwa sawa. Mikwaruzo ya tupa ilikuwepo. Kutu ilikuwa nzuri ya kupendeza. Ukingoni, chini upande wa kulia, palikuwa na kipele kidogo cha shaba, naye akaona ni mchanga wa kalibu uliomeguka pale shaba ikimiminwa, jambo la kawaida. Kuiosha? Asubutu nani! Ijumaa asubuhi akaandika "Halisi" kwa herufi kubwa, akatia saini, na kile kicheko cha kwenye vikao kikafa siku hiyohiyo. Uchimbaji ukaongezwa muda. Shimo lililokuwa likifika kiunoni likaenda mpaka likapita vimo vya watu wawili.

Mwezi wa nne tangu siku ile, baada ya mvua ya siku tatu, ukuta wa shimo ukaporomoka na kijana yumo chini. Walimfukua kwa mikono. Mzee Lenzi alifukua pamoja nao, na kucha zake tatu zilibaki kwenye udongo ule. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mimi sitajifanya kuusimulia.

Makumbusho yakaiweka sarafu kwenye kabati la kioo, na chini yake kadi: iligunduliwa na fulani bin fulani, majina yake yote matatu, aliyefariki akiitafuta historia yetu. Kila mwaka, tarehe ileile, mama yake alivaa nguo nzuri akaenda kuisoma ile kadi kwa sauti, polepole, kama anayemsomea mtu barua. Akirudi alikuwa akisema neno moja tu: "Angalau alikufa kwa jambo la kweli." Neno hilo ndilo lililowafikisha hapo walipofika. Wengine wana watoto wengine, wana wajukuu. Hawa walikuwa na kadi.

Mwaka huu makumbusho yakapata ukumbi mpya. Mkuu wa makumbusho, mwanamke ambaye Mzee Lenzi angeweza kumzaa, alimfuata mwenyewe nyumbani kwake, maana mzee alikwishastaafu.

"Shikamoo, mzee wangu. Kila kitu kinachohamia ukumbi mpya kinathibitishwa upya kwa maandishi. Ile sarafu ni yako, hakuna mwingine wa kuiandikia. Nimekuja na fomu, ni saini tu."

"Marahaba. Saini bila kutazama ni kazi ya makarani," akasema Mzee Lenzi. "Nitakuja Jumatatu na lenzi yangu."

Laiti angetia saini. Lakini ndiyo hivyo, nyani mzee hafundishwi kupanda mti, wala hafundishwi kushuka.

Jumamosi alikwenda kwenye soko la vitu vikuukuu kutaniana na Mama Vyuma, kama desturi yake. Huyo ni mwanamke wa miaka arobaini, mrithi wa meza ya marehemu mama yake: vitasa, funguo, vifungo vya makoti, bawaba.

"Mchumba wangu huyo!" akapiga kelele Mama Vyuma. "Umekuja kuniambia bandia?"

"Nimekuja kukwambia bandia."

"Basi leo utasema mpaka koo likauke." Akainama chini ya meza akatoa kopo. "Hizi za marehemu mama. Nimezikuta nikihamisha kabati. Alikuwa akiziuza za mikufu."

Ndani ya kopo kulikuwa na sarafu zenye tundu, zimetungwa kwenye uzi. Mzee Lenzi akaweka lenzi jichoni huku bado anacheka. Ya kwanza ilikuwa bandia, hata kipofu angeijua, ina mng'ao wa bomba jipya. Ukingoni, chini upande wa kulia, ina kipele. Akaisogeza, akatazama ya pili. Ina kipele. Ya tatu. Ya nne. Kipele kilekile, mahali palepale, umbo lilelile.

Mchanga haumeguki mahali pamoja mara mbili. Kila sarafu ya kale ilitoka kwenye mchanga na kasoro yake peke yake. Zikifanana kasoro, basi mtu alichukua sarafu moja akatengeneza nyingine kwa kuinakili, na zote ni watoto wa mama mmoja. Mzee Lenzi aliwafundisha wenzake jambo hilo kwa miaka thelathini. Akazihesabu kwenye uzi: kumi na tisa.

"Zilikuwa hizi tu?" akauliza.

"Ishirini. Moja iliuzwa, na aliyeinunua namkumbuka mpaka kesho!" Mama Vyuma akacheka akajifuta jasho la shingo. "Nilikuwa na miaka kumi na minane, mzee, na macho yangu hayana adabu. Akaja kijana mmoja mrefu, buti zimejaa udongo. Akazichambua hizi saa nzima akitafuta isiyong'aa. Nikamwuliza, unamchagulia mchumba? Akasema, namchagulia baba. Baba yangu wamemcheka sana, nataka safari hii acheke yeye. Mama akamfundisha kuipaka kutu, siki na chumvi, kisha gundi na unga wa rangi. Mama alikuwa fundi wa mambo hayo, Mungu amsamehe. Akamwonya, sasa mwangalie huyo baba yako asije akaiosha, itakuumbua. Yule kijana alicheka mpaka akashika meza. Akasema, baba yangu? Umchinje, hataiosha! Basi nikamngoja arudi. Miezi! Hakurudi. Wanaume nyie!"

Mzee Lenzi alikuwa amelishika lile kopo kwa mikono miwili.

"Mzee, vipi? Jua limekupiga? Kaa hapa, unywe maji."

"Nipe moja," akasema.

"Chukua, ya bure. Si umesema mwenyewe bandia?"

Jumapili hakula. Mkewe akadhani ni tumbo, akampikia uji, uji ukapoa. Na mnajua alikuwa akifanya nini siku nzima? Alikuwa akibishana. Yeye, aliyewanyamazisha watu kwa neno moja, sasa alikuwa akijitetea kama wale walioleta urithi wa bibi zao. Wachimbaji walikuwa arobaini, wote na buti za udongo. Warefu walikuwa wengi. Baba wa kuchekwa duniani wako tele. Tena palikuwa na tundu moja la kutokea: shaba ikipoa husinyaa. Nakala siku zote huwa ndogo kidogo kuliko mama yake, kwa upana wa nyuzi chache za nywele. Kama ile ya makumbusho ni kubwa kuliko hii aliyopewa, basi yenyewe ndiyo mama, ndiyo ya kweli, na kumi na tisa hizi zilinakiliwa kwake kwa namna fulani ambayo hakutaka kuifikiria sana. Usiku ule alimwomba Mungu nyuzi mbili za nywele.

Jumatatu wakamfungulia chumba cha kazi, wakamletea sarafu kwenye kisahani, wakamwacha peke yake kwa heshima. Akaibana kwenye kipimio. Akabana na ile nyingine. Sawasawa. Akafuta miwani, akapima tena. Akapima kwa mapana, akapima kwa marefu, akageuza. Mara tano. Haikuzidi hata kwa unywele.

Kisha akafanya kile ambacho hakuwahi kukifanya maisha yake yote. Akachovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, akakiingiza kwenye tundu la mraba, pembeni, mahali ambapo jicho la mgeni halifiki, akasugua taratibu. Pamba ikatoka ya kijani. Chini ya kutu shaba ilikuwa njano, changa, ya juzi.

Ilichukua muda wa kupiga chafya. Angeifanya kazi hiyo ile Alhamisi, shimo lingefungwa Ijumaa, na kijana angerudi nyumbani na aibu yake, wangegombana wiki mbili, mama yake angewapatanisha, na leo angekuwa na miaka arobaini na mitano na kitambi. Badala yake baba aliiheshimu sarafu. Miezi minne ile, kila asubuhi, mwanawe aliteremka shimoni kutafuta wenzake wa kitu alichokijua hakina wenzake, kwa sababu angesema nini? Angemwambiaje mzee aliyekuwa ameanza kutembea kifua mbele? Kuna methali ya mchimba kisima. Mnaijua, msinimalizie, nina hasira nayo. Yule kijana hakuchimba kwa ubaya.

Mzee Lenzi akalia pale kwenye kiti cha mafundi, kilio cha kifuani kisichotoa sauti, mpaka mkuu wa makumbusho akagonga mlango. Akamwambia ataandika kesho, macho yamechoka.

Nyumbani alimkuta mkewe sebuleni anakunja nguo zilizokauka. Akakaa. Akamweleza yote, kipele, kopo, siki, pamba, bila kuruka. Hakuwahi kumficha jambo, na hakujua mtu anaanzaje. Mkewe akaendelea kukunja mpaka nguo zikaisha, akaanza kukunjua zilezile na kuzikunja upya.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mimi na wewe. Mama Vyuma hajui ni nani. Na Mungu."

"Mungu hana makumbusho. Ukiandika bandia, ile kadi watafanyaje?"

"Wataitoa."

"Na baada ya hapo?"

"Watauliza aliyeifukia ni nani. Na aliyeifukua ni yeye."

"Kwa hiyo mwanangu atakuwa tapeli. Watu waliokuja kumzika watasema alikufa kwa utapeli wake." Akaliweka shati juu ya rundo. "Andika ni ya kweli."

"Mke wangu, mimi sijawahi..."

"Nasema andika."

"Sijawahi kuandika uongo hata kwa sarafu ya mtoto. Nikiandika huo mmoja, nimebaki nini?"

Hapo ndipo alipomtazama. "Ulimwandikia mara ya kwanza akafa," akasema. "Mwandikie mara ya pili apumzike."

Miaka ishirini na miwili mama huyu hakuwa amelitamka neno hilo. Si siku ya msiba, si siku za kugombana, si kwa fumbo wala kwa jicho. Mzee Lenzi aliyekuwa akilingoja kila siku, na kila siku akamshukuru kwa kutolisema, alipolisikia hakushtuka. Aliona tu limechelewa. Mkewe hakulirudisha wala hakuomba radhi, akabeba nguo akaenda kuzipanga kabatini.

Jumanne aliandika. "Halisi," kwa herufi kubwa zilezile, na saini. Mkono haukutetemeka, jambo ambalo lilimchukiza zaidi kuliko yote. Mkuu wa makumbusho akaipokea fomu kwa mikono miwili. "Kwako wewe, mzee, hatuna hata haja ya kusoma," akasema, na alikuwa anasema kweli, hakuisoma.

Tangu siku hiyo watu wakija na vitambaa vyao, Mzee Lenzi anawaambia, "Sijui." Wanadhani anaringa. Wanadhani anataka kubembelezwa. Mmoja akaacha sarafu yake mezani wiki nzima, ya kweli tupu, ungeiona kutoka mlangoni, na aliporudi akaambiwa hivyohivyo, sijui, mwanangu, tafuta mwingine. Mtu akishauza neno lake mara moja, la pili atalitoa wapi? Siku zake zikawa za kukaa kitini akitazama ukuta. Kitu kimoja tu kilimshikilia: kwamba mzigo ule walikuwa wameubeba wawili. Usiku akisikia mkewe anageuka kitandani, alijua na yeye hajalala, na alijua kwa nini. Hawakuongea. Haikuhitajika.

Tarehe ikafika. Mama akavaa nguo yake nzuri, akaenda kwenye ukumbi mpya. Mzee akakaa nyumbani akimhofia, akijiuliza ataisomaje kadi ile sasa, ataitazama vipi, atarudi hali gani. Akajiandaa kumpokea. Akawa amekwishaamua kwamba safari hii atamshika mkono walie pamoja, yaishe ya kulia mmojammoja.

Akarudi mchana, uso umefunguka.

"Wameweka taa, mume wangu! Taa yake peke yake. Na kadi ni mpya, herufi kubwa, hata mimi sikuhitaji miwani. Jina lake lote lipo. Na chini wameandika, imethibitishwa mara mbili." Akavua viatu, akakaa karibu naye, akamgusa goti. "Unajua, siku ile ulinitisha bure."

"Vipi?"

"Macho yamezeeka, baba. Vipele, sijui nyuzi za nywele, na yule mwanamke wa sokoni na hadithi zake. Mimi ningekuwa na akili ningekucheka palepale." Akatikisa kichwa akitabasamu. "Nilikuwa naifikiria leo nimesimama pale. Nimeishi na wewe miaka arobaini na saba. Hata nikulilie damu, wewe huandiki uongo. Ulipoandika, basi uliitazama tena ukaona ni ya kweli. Si ndiyo?"

Mzee Lenzi akamtazama usoni. Hakuwa anamtega wala hakuwa anajikaza. Alikuwa anamuuliza kama walivyomuuliza wengine wote, kwa kuwa atakalosema ndilo.

"Ndiyo," akasema. "Macho yamezeeka."

"Nilijua tu. Alikufa kwa jambo la kweli." Akamshika shavu, akainuka, akaenda jikoni kubandika chai, na kule jikoni akaanza kuimba kwa sauti ya chini, kitu ambacho hakikuwa kimesikika ndani ya nyumba ile kwa miaka ishirini na miwili. Mzee Lenzi akamsikiliza mpaka maji yakachemka, na hakuwa tena na mtu wa kumwambia.